Besi Yangu na Mkono wa Kushoto wa Simbeye

Nina miaka hamsini na mitatu, ni mgane, na ninatengeneza redio na pasi za umeme hapa Tunduma. Shule niliishia darasa la saba. Mengine nimejifunza mwenyewe, kwa kufungua vitu na kuvifunga tena. Si mtu wa kusema mambo yangu, ndugu wasomaji. Lakini hili limenikaa kifuani muda mrefu, na nyumbani kwangu hakuna wa kumwambia...

Mke wangu alifariki wakati Tunduma ingali chini ya Mkoa wa Mbeya. Binti yetu, Tusekile, alikuwa ameshaolewa Galula. Matanga yalipokwisha watu walirudi makwao, nami nikabaki na masufuria makubwa ya kupikia chakula cha mtu mmoja. Aliyeendelea kuja ni Simbeye tu.

Simbeye alikuwa rafiki yangu tangu ujana. Katika kwaya ya kanisa letu yeye alipiga gitaa la solo, mimi nilipiga besi. Kwa asiyejua: solo ndiyo inayoimba juu, na besi ndiyo inayotembea chini ikiushika wimbo usianguke. Mtu akipiga solo peke yake, watu husimama kumsikiliza. Akipiga besi peke yake, watu humuuliza wenzake wako wapi!

Basi besi ya kwaya ikafa. Shingo yake ilipinda kwa uzee. Tukaazima ya kanisa jirani, ile aina yenye betri ndani, tukaenda nayo harusini. Bibi harusi anaingia, wimbo umeshika, betri ikaisha! Vidole vyangu vinakwenda, sauti hakuna. Bibi harusi akasimama katikati ya njia, hajui aendelee au arudi.

Siku ile niliamua kununua besi yangu mwenyewe, nikaiweke wakfu Jumapili ya mavuno. Hiyo ndiyo desturi yetu. Chombo kipya hakipigwi ibadani mpaka siku hiyo kiwekwe mbele ya madhabahu, pamoja na mahindi, maharage na kuku waliofungwa miguu, mchungaji akiombee. Anayekipiga kwanza baada ya maombi ndiye anayehesabiwa mpigaji wake.

Nilianza kuitafuta watu wakiwa bado wanapalilia. Nilivuka Nakonde, upande wa Zambia. Muuzaji mmoja alinipa gitaa jekundu linalong'aa akasema, "Batata, baba yangu, hili ukilishika hata wakwe watakusalimia mara mbili." Nililitazama shingo kwa jicho moja, kama seremala anavyotazama ubao. Lilikuwa limepinda. Nikamrudishia na kumshukuru.

Nilikwenda Mbeya mara kadhaa. Besi za bei ya chini nyuzi zake zilikwaruza. Za bei ya juu zilikuwa na betri, na betri nilikuwa nimeapa sitaki kuisikia. Nikabaki na zile za bei ya kati, zisizo na betri, nikazipima moja baada ya nyingine. Nilibonyeza kila uzi kwenye kila kituo cha vidole shingoni, nikisikiliza kama kuna unaolia vibaya. Nilizungusha vitufe vya sauti nisikie kama vinakoroma.

Kwaya nzima ilinicheka. Mama Sichone, kiongozi wa sauti ya pili, aliniuliza mbele ya watu, "Baba Tusekile, unachagua besi au unachagua mke?"

"Mke nilimchagua siku moja," nikamjibu, "na sikukosea."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Vijana wakanipa jina, Mzee Bila Betri. Nami nilicheka. Mnajua ilivyo tamu kuchekwa na watu, baada ya kukaa miezi na ukimya?

Safari ya mwisho nilikwenda na Simbeye. Dukani nilimwonyesha niliyoipenda. Chini ya nyuzi ilikuwa na sumaku za kunasa sauti, za aina mbili zisizofanana. Ya mbele ilikuwa imekatwa vipande viwili, na sauti yake ilikuwa nene, iliyotulia. Ya nyuma ilikuwa moja, nyembamba, yenye sauti kali kidogo ya puani, na ukiifungua peke yake inavuma kama nzi karibu na taa za dukani. Lakini ukizifungua zote mbili, kila moja inamjazia mwenzake palipopungua!

Nikamwambia Simbeye, "Hii ya mbele ni mimi. Hii ya nyuma yenye kelele ni wewe."

Hakucheka. Alitazama taa za dukani. Kisha akasema, "Chukua hiyo, kaka. Hiyo ndiyo yenyewe."

Ndani ya basi aliomba alipakate lile gitaa. Alilishika mpaka Tunduma kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa, akitazama nje dirishani. Nilidhani amechoka... Kumbe!

Baada ya hapo aliniambia mazoezi yamesimama, watu wako mashambani. Niliamini. Kwa nini nisimwamini? Nilikaa nyumbani nikijifunza upya nyimbo zote za mavuno, nikiacha ndani ya kila wimbo nafasi ambazo solo yake huingia.

Jumapili ya mavuno ikafika. Niliingia kanisani na besi yangu mgongoni, nimevaa shati alilolipenda marehemu mke wangu. Mbele ya madhabahu kulikuwa na magunia ya mahindi, ndizi, kuku... na kitu kirefu kilichofunikwa kitambaa cheupe.

Mchungaji akafunua. Kinanda cha umeme!

Akaomba. Watu wakasema amina. Kisha akatoka mtu kwenye safu ya kwaya, akaketi nyuma ya kile kinanda. Alikuwa Simbeye.

Mkono wa kulia ulicheza zile sauti zake za solo. Nikautazama wa kushoto. Ulikuwa unatembea chini, taratibu, mahali palepale ninapotembea mimi, na pale ninapopenda kuchelewa kidogo, nao ukachelewa! Ndugu zangu, mkono wa kushoto wa rafiki yangu ulikuwa unapiga besi yangu. Na mimi nimesimama pale na besi mgongoni, kama msafiri aliyeshushwa kituo kisicho chake.

Baadaye niliambiwa yote. Kamati ya kwaya ilikubaliana juu ya kinanda nilipokuwa Mbeya katika safari zangu za kupima. Simbeye ndiye aliyetumwa kunieleza. Wakati huohuo alikuwa anakwenda Vwawa kujifunza kinanda bila mimi kujua. Kwaya yote ilidhani ninajua, na kwamba besi ninajinunulia ya kujiliwaza. Alijua yote hayo siku aliyosimama nami dukani akasema, chukua hiyo!

Sasa sikieni lililoniuma kuliko yote. Katikati ya wimbo, umeme ukakatika. Kinanda kikanyamaza. Hata besi yangu ingenyamaza, maana spika nazo hula umeme. Kwaya haikusimama. Waliendelea kwa midomo, na sauti ya nne, ile ya besi, ilikuwa na watu wachache. Mama Sichone akageuka, akanionyesha kwa kidevu, akasema kwa sauti ya chini, "Baba Tusekile, njoo, besi!"

Nafasi ilikuwa pale, haihitaji waya wala sumaku. Nilifumba mdomo. Nikatoka kwa mlango wa pembeni, na nyuma yangu wimbo ukaendelea vizuri tu bila mimi.

Sikurudi kwenye kwaya. Mwanzoni walikuja kunisalimia, kisha wakaacha. Chakula cha mtu mmoja kikaendelea kuiva.

Jioni moja nilikuwa nimekaa na besi chumbani. Bila spika, besi hii haisikiki, ila ukiegemeza kichwa chake kwenye kabati la mbao, kabati lote linaimba kwa chini. Nilikuwa napiga wimbo wetu wa zamani. Nikasikia mlangoni, "Hodi."

Niliijua sauti ile. Nikashika nyuzi zisilie.

"Hodi, kaka. Nakusikia umo ndani." Akangoja. "Nilishindwa kukuambia. Ulikuwa umeanza kucheka tena... ningekuambiaje?"

Sikujibu. Alikaa pale kitambo, nikikiona kivuli cha miguu yake chini ya mlango. Kisha kivuli kikaondoka.

Siku chache baadaye Mama Sichone aliniambia sokoni kwamba Simbeye amehamia kwa mwanawe, mbali huko Zambia, na kinanda sasa anakipiga kijana mwingine. "Alikuja kukuaga," alisema. "Hukumkuta?"

Nikajifanya ninachagua nyanya.

Je, alinisaliti? Ndiyo. Sitalifuta alilonifanyia. Lakini kila nikipiga, mikono yangu bado inaacha zile nafasi zake, na hakuna anayeingia.

Wasomaji wangu, mnaponunua chombo cha kupigwa na wenzenu, kabla ya kukagua shingo na nyuzi, nendeni mkawaulize wenzenu kama bado wanawangojea ninyi. Ninyi mliotumwa na habari chungu, ifikisheni mapema. Huruma ya kunyamaza ina makali kuliko kisu. Na rafiki akikukosea, kisha akarudi mlangoni kwako, jibu! Mfokee ukitaka, mlaani ukitaka, lakini jibu.

Besi yangu ni nzima. Shingo imenyooka, vitufe havikoromi, sumaku zote mbili zinafanya kazi. Jioni huiegemeza kwenye kabati, nikapiga mpaka zinapoanza zile nafasi. Hapo husimama, nikatazama chini ya mlango, nikasema kwa sauti, nyumba nzima isikie:

"Karibu, Simbeye. Karibu ndani."