Kofia ya Daktari Sorley

Hoyt Ramsdell alikuwa amelala chali kando ya zizi lake la kondoo, tundu moja kifuani. Bastola yake kubwa ya magnamu, yenye teke kali ikifyatuliwa, ile aliyoivaa kiunoni kila siku kwa hofu ya dubu, ilikuwa majanini hatua nne kutoka miguuni pake.

Inspekta Lorna Vigeland wa ofisi ya sherifu alichuchumaa. Ndani ya silinda mlikuwa na ganda moja tupu na risasi tano nzima. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa. Lakini kwenye kinundu cha kulengea, mwishoni mwa mtutu, palikuwa na damu na kipande kidogo cha ngozi.

"Si ya marehemu," alisema mchunguzi wa maiti. "Hana mchubuko popote."

Clell, mdogo wake marehemu, alikuwa ameshatiwa pingu. Juzi majirani waliwasikia ndugu hao wakitukanana kuhusu mpaka wa malisho. Lorna alimkagua uso na mikono. Hakuona jeraha.

"Bastola hii uliipiga mara ya kwanza lini?"

"Nikiwa na miaka kumi na miwili. Nilipofyatua, mtutu ulinirukia ukanipasua hapa." Alionyesha kovu jeupe juu ya nyusi. "Kaka alinicheka mwezi mzima. Tangu hapo nakaza viwiko."

"Mfungueni," alisema Lorna. "Kwa sasa."

Siku ya tatu, saa sita mchana, majirani walijaa jikoni kwa mjane, Nadine, kila mmoja na bakuli la chakula. Wanaume walikuwa wanane. Lorna alihesabu kofia kwenye vigingi vya mlangoni: saba.

Nadine aliinamisha kichwa aombee chakula.

"Ngoja, shemeji," Clell alimkatiza. "Daktari, tangu lini unamwomba Mungu na kofia kichwani? Umekuja kula au unapita tu?"

Watu walicheka kidogo. Emmett Sorley, daktari wa mifugo, hakucheka. Wilaya nzima ilijua kwamba hajawahi kushika bunduki maishani.

"Vua, daktari," alisema Lorna.

Aliivua taratibu. Katikati ya paji la uso palikuwa na nyuzi tano nyeusi, nene, za kushonea ng'ombe.

"Nani kakushona?"

"Mwenyewe. Kwenye kioo cha gari. Lango la zizi lilinigonga."

"Basi lango hilo lina ngozi yako. Na bastola je? Maabara ikilinganisha itakuta ya nani?"

Sorley aliizungusha kofia mikononi, akasema, "Alimuua mbwa wangu kwa bunduki. Alisema Tilly alifukuza kondoo wake, na sheria inamruhusu. Tilly alikuwa na miaka kumi na minne, Inspekta. Kipofu. Asingeweza kufukuza hata kuku."

"Ukamfuata Hoyt."

"Nikamfuata. Akacheka. Akanipa bastola mkononi: 'Haya, lipiza, kama mkono huo unajua kingine zaidi ya sindano.' Nilitaka kumtisha tu. Ikaruka. Ikamwelekea yenyewe."

"Hapana," alisema Lorna. "Ikiruka huja juu na nyuma, kwako. Jeraha lako ndilo linasema hivyo. Na ikiruka, risasi imeshatoka. Kabla haijaruka, mtutu ulielekea wapi?"

Sorley alimtazama Nadine.

"Kifuani," alisema.

Akainuka, akaitundika kofia kwenye kigingi cha nane, akanyoosha mikono.