Nani Aliwaambia Mwanangu Amepona?

"Mama, mtoto wako hayupo tena kwenye foleni."

"Hayupo kivipi?!"

"Mzazi alituambia ameshapona. Nafasi yake akapewa mwingine."

Jamani... amepona?!

Nilimkodolea macho yule dada wa mapokezi ya kliniki. Miguuni pangu binti yangu alikuwa amelala sakafuni, kaziba masikio, anapiga mayowe kwa sababu feni ya ukutani inalia kwi, kwi, kwi. Mkononi ana alama za meno. Meno yake mwenyewe!

Huyo ndiye aliyepona.

Ngojeni niwaeleze vizuri.

Mimi ni msusi. Binti yangu tunamwita Kidoti, ana alama nyeusi shavuni. Ana miaka sita na hajawahi kuniita mama. Hasemi. Ukimwita hageuki. Anaweza kushinda anazungusha kifuniko cha sufuria kutwa nzima, na ukikigusa tu, nyumba haikaliki.

Alipokuwa na mitatu, daktari alituambia huenda ni usonji. Ila wa kuthibitisha na kumfundisha ni kliniki ya watoto ya serikali. Huduma ni bure, lakini kuna foleni.

"Foleni ya muda gani, daktari?"

"Mtapigiwa simu."

Wapendwa, kama hujawahi kusubiri simu ya namna hiyo, usiombe yakukute. Watoto wa rika lake wakaanza kuongea, wakaanza shule, wakang'oka meno. Sisi tunasubiri simu. Mwaka wa tatu nikachoka, nikambeba Kidoti, nikaenda kuuliza mwenyewe.

Namba tuliyoacha ni ya kile kisimu kidogo cha nyumbani, anachokaa nacho mama mkwe. Yeye ndiye anayeshinda na Kidoti, mimi nikiwa saluni na mume wangu akiwa shuleni anakofundisha. Mikono yangu muda wote iko kwenye vichwa vya watu, simu ikiita siwezi kupokea.

Sasa, huyo mama mkwe... tangu mwanzo alikuwa na wimbo mmoja tu.

"Huyu mtoto mzima kabisa. Baba yake naye alichelewa kusema."

Kwa hiyo pale mapokezi sikuhitaji mpelelezi. Mbaya wangu nilishamjua!

Nikambeba Kidoti anarusha mateke, njia nzima watu wanatuangalia. Mmoja akasema kabisa nisikie, "Mtoto kadekezwa huyo." Sikumjibu. Hasira zangu zilikuwa na mwenyewe.

Nikasukuma mlango wa nyumbani, nikamshusha Kidoti.

"Mama! Umenifanyia nini?!"

Alikuwa anakunja nguo. "Nimefanya nini tena, mwanangu?"

"Usiniite mwanangu! Umewaambia kliniki Kidoti kapona! Unamchukia mjukuu wako kiasi hicho?"

"Simu ilikuja, ni kweli. Lakini mimi..."

"Lakini nini?! Miaka yote hii nasubiri, halafu wewe unaniharibia kwa neno moja!"

Nikamwaga yote. Maneno ambayo mkwe haambiwi, siku hiyo nilimwambia. Alikumbatia shati la mwanawe kifuani, machozi yanamlengalenga.

Ghafla akatazama nyuma yangu.

"Mtoto yuko wapi?"

Mlango ulikuwa wazi...

Kidoti havumilii kelele. Na kelele zilikuwa zangu!

Nilitoka mbio nikiita jina lake kama kichaa, wakati najua fika haitiki. Majirani wananiuliza kavaa nini, sikumbuki! Mama mzima, nimemvalisha asubuhi kwa mikono yangu, sikumbuki!

"Maji!" mama mkwe akapiga ukelele, anakimbia peku. "Tafuta penye maji, huyu anapenda maji!"

Nyuma ya mtaa wetu kuna jengo halijaisha. Mafundi walichimba shimo kubwa wanahifadhia maji ya kuchanganyia zege. Halina hata ubao wa kulifunika.

Kidoti alikuwa amekaa ukingoni. Miguu inaning'inia. Kainama, anaiangalia sura yake majini...

Nikafungua mdomo nimwite. Mama mkwe akaniziba kwa kiganja.

"Ukipiga kelele ataruka," akaninong'oneza.

Akakaa chini kwenye mchanga, akaanza kujisogeza polepole kwa makalio, bibi wa watu na magoti yake mabovu, huku anavuma wimbo wa kumlazia usingizi. Mimi nimesimama pale, sipumui. Kidoti akainama zaidi...

Bibi yake akamdaka gauni!

Wakaanguka wote wawili upande wetu. Nilitambaa mpaka walipo nikawakumbatia, nalia kwa sauti, Kidoti anajinasua maana hapendi kukumbatiwa.

Mume wangu akafika anahema. Kuna mtu alikuwa amempigia.

"Kuna nini? Yuko salama?"

"Muulize mama yako!" nikasema. "Ndiye aliyemtoa mtoto kwenye foleni!"

Mama mkwe akafuta mchanga mikononi. Akamtazama mwanawe.

"Baba, sema mwenyewe. Mimi ile simu nilikupa wewe."

Mume wangu akainama, akaanza kupangusa mchanga kwenye gauni la Kidoti.

"Walipiga ukiwa likizo," akaendelea. "Wanaongea mambo ya kiofisi siyaelewi, nikakupa uongee nao. Ukatoka nayo nje. Ukarudi ukaniambia wamekosea namba."

Nilimgeukia mume wangu. Nilikuwa nangoja acheke, aseme mama kachanganya mambo.

Hakucheka.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe?! Wewe unayemlisha kwa mkono? Wewe unayelala naye sakafuni akikataa kitanda?"

"Mimi ni mwalimu, mke wangu. Watu wananiletea watoto wao niwafundishe kusoma. Nitawaambia nini, wangu hata 'baba' hasemi? Nikasema nimpe mwaka mmoja, nimfundishe mwenyewe. Nilijua nitaweza..."

"Ukaona useme amepona?"

"Nilitaka iwe kweli."

Sikumpiga wala sikumtukana. Nilikaa tu palepale kwenye mchanga.

Kliniki walituambia tuanze upya, mwisho wa foleni. Nililia pale mapokezi mpaka mlinzi akaniletea kiti, lakini foleni haikusogea.

Mama mkwe, nilipomuomba radhi, alinijibu, "Hasira za mama hizo, zimepita." Halafu akaanza kazi. Kila siku ya kliniki anamchukua Kidoti wanaenda kukaa kwenye benchi. "Asipotokea mmoja wenu leo, sisi tupo," anawaambia manesi. Walimzoea. Wengine walimchoka! Hakutikisika.

Na siku moja kweli kuna mtoto hakuletwa. Sijui yalimkuta nini, mpaka leo huwa namuombea. Kidoti akaingia.

Tuliingia wote wanne. Mtaalamu alikaa sakafuni na Kidoti muda mrefu, akatuambia ni usonji, akatuonyesha pa kuanzia.

Mume wangu akauliza, sauti ndogo, "Tungekuja siku ile mlipopiga, angekuwa wapi sasa?"

Yule mtaalamu alimtazama kidogo. "Tuanze na leo, mwalimu."

Mume wangu alitoka nje. Nilimsikia analia koridoni.

Kidoti bado hasemi. Ila wiki iliyopita alinishika kidole, akakisogeza mpaka kwenye kikombe. Anataka maji! Nilimpa, nikaenda kulilia bafuni.

Mume wangu ndiye aliyesema niandike haya. Kasema kuna baba mwingine mahali anasoma kimyakimya, simu iko mkononi, anatafuta uongo wa kusema.

Kaka yangu, pokea. Sema, "Ndiyo, tunakuja." Na wewe mama, usingoje kuambiwa, nenda dirishani ukaulize mwenyewe.

Foleni ni ndefu, na wenye mamlaka wana la kujibu. Lakini kwetu, miaka miwili tuliisubiri serikali. Mwaka wa tatu, bila mimi kujua, tulikuwa tunamsubiri baba yake Kidoti.