Ramu Mbili za Kaka

Jioni ile nilikwenda kwa Mama kufanya kazi ya dakika kumi tu. Nilibeba bisibisi, kifutio cha shule na ramu mbili, vile vibamba vya kumbukumbu vya kompyuta, nilizozifunga kwenye leso.

Kompyuta yake ilikuwa imechoka. Ukiiwasha, unaweza kuchemsha chai, ukainywa na kikombe ukakiosha, ndipo ikukubalie. Mama ni mpiga chapa mstaafu, na majirani bado humletea barua zao. Alikuwa amenilalamikia kwa wiki nzima.

"Fundi gani wewe? Unatibu za watu, ya mama yako inakata roho."

Mganga hajigangi, ndiyo. Lakini shida ya mashine kuukuu ni kwamba ramu zake hazitengenezwi tena. Unazichomoa kwenye mashine iliyokufa, unazipachika kwenye iliyo hai. Na mashine iliyolingana na ya Mama ilikuwa moja tu pale kibandani.

Ya Kaka.

Kaka alikuwa na wiki tisa kaburini. Tulikuwa na kibanda kimoja cha ufundi, meza zetu zikitazamana, na kazi yote ninayoijua alinifundisha yeye. Alifia mezani pake Ijumaa jioni, peke yake. Nilimkuta Jumamosi asubuhi, shavu juu ya kibodi, kompyuta yake bado inawaka. Mimi ndiye niliyeizima.

Mama aliniuliza kama alinipigia simu. Nikamwambia simu yangu ilikuwa imekwisha chaji. Yeye akasema kwake hakupiga.

Haikuwa imekwisha. Alinipigia mara tano. Huo ndio mzigo niliokuwa nao, na niliapa Mama hataujua hadi naye tumzike.

Nilifungua mashine ya Mama sebuleni, nikapuliza vumbi. Nikasugua meno ya ramu kwa kifutio, taratibu, kama Kaka alivyonionyesha. Meno yakang'aa. Sikuwa na woga wowote. Somo la kwanza kabisa la Kaka lilikuwa kwamba ramu haitunzi kitu: inashika kile ambacho kompyuta inakifanya wakati huo tu, na umeme ukikatika, kila kitu kinafutika. Na hizi zilikaa wiki tisa bila umeme.

Nikachomoa ya zamani, nikapachika zile mbili. Zikalia *tak, tak*. Nikawasha.

Ikalia mlio mmoja mrefu, halafu ikawaka mara moja, bila kusitasita.

"Heee!" Mama akacheka. "Imerudia usichana. Sogea huko."

Akavaa miwani, akaegemeza karatasi ya jirani kwenye kitabu, akaanza kugonga. Mama hatazami kioo. Wapiga chapa wa zamani ndivyo walivyofundishwa: macho kwenye karatasi, vidole vinajitegemea. Mimi nilisimama nyuma yake nikikusanya skrubu. Ilikuwa barua ya mwalimu anayeomba uhamisho, naye alikuwa akiisoma kwa kunong'ona huku akigonga.

"Mimi ni mwalimu... niliyeajiriwa... mwaka..."

Nikainua macho kwenye kioo.

*pokea*

Nikadhani nimekosea kusoma.

*pokea simu mdogo wangu*

Skrubu zikaniponyoka. Mama hakugeuka. Alikuwa bado ananong'ona habari za mwalimu, vidole vikienda mbio, na mstari baada ya mstari ulijaa maneno mengine kabisa.

*pokea. kifua kimebana. pokea*

Halafu ikaja harufu. Harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyojipaka Kaka shingoni kila jioni kwa sababu ya kuinama. Mle ndani hamkuwa na mtu anayeitumia. Nilijua kinachofuata, kwa sababu simu nne za kwanza sikuzipokea, lakini ya tano...

Ya tano niliipokea.

Asubuhi ya Ijumaa ile tulikuwa tumegombana. Mimi nilitaka tuuze zile mashine mbovu kama vyuma chakavu, yeye akakataa katakata. Jioni nilikuwa bado nafuka. Sikumpa nafasi ya kusema hata neno moja. Nilisema langu, nikakata. Tulikuwa wawili tu kwenye simu ile, na mmoja yuko kaburini.

"Ninaomba kwa heshima..." Mama alinong'ona.

*kaa na makopo yako yakuzike*

Nilirukia soketi, nikang'oa plagi. Kioo kikazimika. Jua lilikuwa limeshazama na hatukuwa tumewasha taa.

Mama hakushtuka. Aliacha vidole juu ya vitufe.

"Mbona umezima?"

"Umeme... unacheza, Mama. Ningeiunguza."

"Mwanangu." Alinong'ona, kama mtu asiyetaka kumwamsha mtoto. "Nimepiga chapa miaka thelathini na moja. Sihitaji kutazama. Vidole vinajua vilichogonga."

Nikakosa pa kuficha uso.

"Ulimwambia hivyo?"

Ningeweza kusema hapana. Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umeshazoea njia.

"Ndiyo, Mama."

Nilingoja anipige, anifukuze, anilaani. Hakufanya hata moja. Alivua miwani, akaipangusa kwa upindo wa nguo, akaivaa tena.

"Na mimi alinipigia," akasema. "Baada yako."

"Ulisema hakukupigia!"

"Na wewe ulisema simu imezima. Aliniuliza kama ni kweli unataka afe. Nikamwambia, mdogo wako akikasirika husema lolote, lala, kesho mtapatana. Alikuwa anahema, mwanangu. Nilimsikia anahema. Tamthilia yangu ilikuwa imeanza, sikuuliza."

Sikuwahi kumsikia Mama akilia kwa sauti ile. Kilio kikavu, bila chozi. Kisha akanyoosha kidole kwenye soketi.

"Washa."

"Mama, naziondoa hizi ramu. Sasa hivi."

"Washa. Neno lako ameshaliandika. Langu bado."

Mungu anisamehe, niliwasha.

Nimejaribu kujieleza kifundi. Najiambia Mama mwenyewe ndiye aliyeandika. Simu ya Kaka ilibaki kwake, angeweza kuona Kaka alimpigia nani na mara ngapi. Inaingia akilini, mpaka nifike kwenye makopo. Simu haionyeshi maneno, na Mama anaapa Kaka hakumtajia neno hilo. Hapo akili yangu inagota.

Huu ni mwezi wa pili tangu jioni ile. Kila jioni Mama huketi pale bila karatasi yoyote mbele yake, macho kayafumba, anagonga. Barua za majirani amezirudisha. Mimi huja, hukaa nje kwenye ngazi, namsikia. Siingii kusoma. Sisi wawili hatuna tena cha kuambiana. Tumebaki kusalimiana na kuulizana kama tumekula.

Jana vitufe vililia kwa muda mrefu. Halafu mlango ukafunguka, Mama akatoka, akaketi kando yangu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Nilitaka kumuuliza kama limeandikwa, hilo lake. Sikuwahi.

Ndani, vitufe vilikuwa vinagongwa.

Havikugongwa kwa kasi ya mpiga chapa. Polepole... kimoja kimoja... kama anavyogonga mtu wa vidole viwili, fundi ambaye hakuwahi kujifunza kuchapa. Vilisimama. Vikaanza tena. Harufu ya dawa ya kuchua ikapita chini ya mlango.

Mama akanibana mkono.

"Anatuita," akanong'ona.

Tulikaa pale pale kwenye ngazi, mimi na yeye, hadi vikanyamaza. Kwa mara nyingine tena, hakuna aliyekwenda.