Akaunti Ambayo Hakuna Aliyeifuta

SAA 4:00 ASUBUHI

Chumba cha nyuma cha duka la kinyozi kilinuka spiriti. Mbele, mwajiriwa alikuwa akimnyoa mteja, na mashine ilinguruma. Ndiyo maana walikutana hapo. Mashine ikinguruma, mtu wa nje haokoti neno.

Walikuwa watatu. Mwenye duka, Wembe, ndiye aliyekuwa mkuu. Mwanamke wa makamo walimwita Sauti, kwa sababu sauti yake laini ndiyo iliyokuwa silaha yake. Wa tatu, Fundi, alikuwa mgeni katika kazi hizi. Mwaka uliopita alikuwa akitunza tovuti ya maabara ya vipimo, hadi walipomwachisha kazi bila hata asante.

Wembe alitaka kusikia mpango upya. Fundi akaeleza. Tovuti ile ilivuja kila mahali. Programu zake hazikusasishwa tangu aondoke. Ofisi nzima ilitumia nywila moja, jina la maabara na mwaka ilipofunguliwa. Na akaunti yake mwenyewe ya usimamizi, hakuna aliyekumbuka kuifuta. Aliwahi kuwaandikia barua: kila mtu awe na nywila yake, na anayeondoka afutwe siku hiyohiyo. Meneja aliifanya barua ile kuwa ya kuwekea kikombe.

Kikwazo kilikuwa kimoja. Ukiingia, tarakimu sita zinatumwa kwenye simu ya mapokezi.

"Hiyo niachie mimi," Sauti akasema.

"Tunachukua namba za simu tu, za kuwauzia watu wa matangazo," Fundi akasema. "Majibu ya wagonjwa hayaguswi."

"Tulishaongea hayo," Wembe akajibu. Hakumtazama.

SAA 6:50 MCHANA

Maabara ilikuwa imekwenda kula. Mapokezi alibaki dada mmoja. Sauti akampigia, akajitambulisha kuwa anatoka kampuni inayohifadhi tovuti yao. Kuna wezi wanajaribu kuingia, akamwambia, tusaidiane kuwafungia nje. Dada wa watu akasoma tarakimu zote sita, pumzi ikimpanda.

"Ahsante, mdogo wangu," Sauti akasema. "Na yeyote atakayekupigia baada yangu akijiita fundi, usimsikilize. Huyo ndiye mwizi."

Fundi akacheka. Kazi safi, aliwaza.

SAA 7:00 MCHANA

Waliingia kwa jina lake, kwenye laptopu yake. Wembe akakisukuma kiti cha Fundi pembeni, akachomeka flashi na kuanza kunakili kila kitu. Majibu ya miaka sita.

Fundi akasema hayo siyo makubaliano. Wembe hakupandisha sauti. Alifungua orodha na kumwonyesha: jina la mgonjwa, majibu yake, na mwisho wa mstari namba ya ndugu wa karibu.

"Hii ya ndugu ndiyo mali," akasema. "Mgonjwa akikaidi, ndugu anatumiwa majibu."

Majina yalipita kwenye kioo. Kisha Fundi akaona majina matatu ya dada yake, yule aliyeacha shule ili yeye asome. Hakutaka kusoma mstari ule. Jicho lilishamtangulia. Ulikuwa ugonjwa ambao dada hakuwahi kuutaja nyumbani, hata kwa utani. Namba ya ndugu ilikuwa ya mama yao.

"Mtoe huyu," akasema. "Mmoja tu. Ni dada yangu."

Wembe akausoma mstari taratibu, hadi mwisho.

"Basi sasa una sababu ya kunyamaza."

SAA 7:12 MCHANA

Fundi alijifungia chooni, akapiga mapokezi kwa simu yake. Alimwambia yule dada wa mapokezi achomoe waya wa intaneti nyuma ya meza, mara moja, asiulize.

"Nimeambiwa utapiga."

"Mimi ndiye fundi wenu wa zamani. Sauti yangu unaijua."

"Naijua. Na namba yako nimeiandika."

Alikata. Fundi akapiga tena mara tatu. Simu haikupokelewa.

Alipotoka, chumba kilikuwa kitupu. Flashi haikuwepo. Laptopu ilibaki mezani, akaunti yake ikiwa wazi, na kioo kikisema kunakili kumekamilika.

SAA 10:20 JIONI

Polisi walimkamata kwa namba ile. Kituoni walimwekea karatasi mbele yake. Aliyeingia, yeye. Kompyuta, yake. Aliyempigia mapokezi kumtaka achomoe waya, yeye. Fundi akamtaja Wembe. Askari akaandika, kisha akauliza jina lake halisi. Fundi hakulijua. Duka lilikuwa limekodiwa kwa miezi miwili tu.

SAA 12:00 JIONI

Dada yake alikuja peke yake. Alisimama upande wa pili wa kaunta, mkoba kifuani.

"Wamenitumia ujumbe," akasema kwa sauti ya chini. "Umeyasoma majibu yangu?"

Fundi alitamani kumdanganya.

"Nimeyasoma."

Dada akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa. Hakulia. Alifungua mkoba kidogo, Fundi akaona simu ya mama yao, imezimwa.

"Nimemwambia imeharibika, naipeleka kwa fundi," akasema. "Mambo haya unayajua wewe. Niizime mpaka lini?"

Fundi akafungua mdomo. Askari akasema muda umekwisha, akamshika mkono. Dada yake alibaki palepale, mkoba wazi, akingoja ajibiwe.