Dawa Mpya Katika Chupa ya Kahawia

Fundi cherehani alikuwa akishona sare za shule. Baba yake akakohoa chumba cha pili.

"Mwanangu, niletee ile ya chupa ya kahawia."

Ilikuwa dawa ya mafua ya kampuni kubwa, ya miaka mingi. Baba alipokuwa mdogo, mama yake alimnywesha hiyo, kisha akampangusa midomo kwa ncha ya kitambaa chake. Mpaka leo, akisikia ile harufu ya mnanaa, ni kama amepakatwa tena.

Dukani ilikuwa imekwisha. Fundi akapewa ya kampuni changa.

"Kampuni ya juzijuzi!" baba aling'aka. "Hata meno haijaota! Siinywi ng'o."

Fundi hakubishana. Alikwenda jikoni, akaimimina dawa mpya kwenye chupa kuukuu ya kahawia. Boksi akalitupa.

Baba alinusa, akatabasamu. "Eeh! Hii ndiyo yenyewe." Akanywa vijiko viwili vikubwa, kama chupa ilivyoandikwa.

Chakula kilipoiva, fundi alimwita. Alikuwa amelala fofofo. Akamtikisa. Baba akafumbua jicho moja, akabwabwaja, akalala tena. Fundi alikimbia kwa jirani yao, mfamasia.

"Amekunywa nini?" mfamasia aliuliza.

Fundi alieleza yote, hakuficha kitu.

"Boksi liko wapi?"

Wakarudi mbio nyumbani, fundi akalichakura kwenye taka. Mfamasia alilisoma, uso ukabadilika. "Twende hospitali sasa hivi. Na boksi tulichukue."

Wauguzi walimwangalia baba usiku kucha. Asubuhi akaamka akiulizia chai. Fundi akalia kwa furaha.

Mfamasia aliweka boksi na chupa kitandani. "Haya dada, soma. Ndani kuna dawa gani?"

"Kumbe ni ileile!"

"Na nguvu yake?"

"Hii mpya... mara sita. Kijiko kimoja kidogo tu."

"Umeona? Zote mbili zimeruhusiwa. Lakini ukubwa wa kampuni haukuambii unywe kiasi gani. Maandishi ya dawa yenyewe ndiyo yanakuambia. Usiihamishe dawa kwenye chupa nyingine."

"Kumbe ulimvalisha kijana koti la babu yake!" baba alisema.

"Nisamehe, baba."

"Nami unisamehe ubishi wangu, mwanangu."

Mafua yaliporudi, baba alivaa miwani, akasoma boksi mwenyewe, akapima dawa ya kampuni changa kwa kijiko chake kidogo. Akameza. Kisha akaichukua chupa ya kahawia dirishani, tupu, akaifungua na kuinusa.

"Niliyokunywa ni ya mafua," alimwambia binti yake. "Hii ni ya kumkumbuka mama yangu."