Ukuta wa Kusukuma

Aliyenihadithia haya ni rafiki yangu Baqir, seremala wa Mpendae, na siku hiyo mbavu zake zilikuwa bado zimefungwa bendeji.

Kuna hoteli ndogo Kiwengwa aliyoitengenezea kuta za mbao za kusukuma. Msimu wa wageni kuta hizo hugawa vyumba kumi. Masika yakiingia hukunjwa, pakawa ukumbi mmoja ambamo kina mama huanika mwani wao. Aprili iliyopita alikwenda kuzikunja, akafunguliwa na Bi Mwanamkasi, mwangalizi wa pale. Ilikuwa adhuhuri, lakini mvua ilikuwa imeleta giza na umeme umekatika.

Ukuta wa mwisho uligoma. Baqir alipoutia bega, akasikia ndani yake vishindo vya mtu anayepigwa, na sauti ikikoroma.

"Bi Mwanamkasi, kuna mgeni kabaki?"

"Washaondoka wote, mwanangu. Hebu toka hapo!"

Hakuwahi. Ukuta ulimrukia kifuani, ukambana na nguzo mpaka akasikia mbavu zikivunjika. Mkono mmoja ulikuwa huru. Akashika shoka lake la kazi lililokuwa kiunoni, akapiga kama mwendawazimu. Kila alipopiga, yowe lilitoka mbaoni. Ubao ulipopasuka, pakawa kimya.

Bi Mwanamkasi akamulika kwa simu. Ndani ya ukuta mlikuwa na uwazi wa vidole vitatu tu, wala hamkuwa na mtu. Lakini upande wa ndani wa ubao zilikwama kucha tano za binadamu, zimeng'oka na nyama yake, na damu ilikuwa ingali ikichuruzika.