Ndoo ya Jumatatu

Hajazaliwa mtu wa kuidanganya Somauzi. Mashine hiyo ilisimama katikati ya kiwanda chetu cha Mufindi, imepambwa kama bibi harusi, ikimeza kijiko kimoja cha rojo la mbao na kukagua kila uzi uliomo: urefu wake, unene wa ukuta wake, umepinda kiasi gani, umechanika wapi. Nyuzi elfu arobaini kwa pumzi moja. Zikiwa nzima, rojo lilikandamizwa likawa boriti ngumu kuliko chuma, na miji ya siku hizo ilijengwa kwa boriti hizo.

Shida ilikuwa ngazi. Rojo lilipikwa ghorofa ya tisa, kwenye joto la kuivisha ubongo, na kijana wa sampuli alitakiwa kupanda huko kila saa. Kijana mwenyewe, akili nyingi kuliko miguu, alijaza ndoo siku ya Jumatatu, akaificha chini, akawa anachota humo wiki nzima. Ili kijiko kifuke mvuke, alikiongezea maji ya birika la chai. Somauzi ikasifu rojo la Jumatatu mpaka Ijumaa.

Alhamisi, mpishi wa rojo, Mzee Kihwele, alilifinya vidoleni, kisha akashuka mwenyewe kumwuliza kijana.

"Mwanangu, hili limeiva kupita kiasi. Linakatika kama ugali wa juzi. Mashine inasemaje?"

"Inasema vidole vyako vimezeeka, mzee."

Watu wakacheka. Kihwele alitazama kioo cha mashine, akaona namba nzuri, akaona haya, akarudi juu kuliruhusu lipite.

Boriti za Alhamisi ile zilivunjika kwenye paa la zahanati mpya, zikamwua fundi Mgaya. Mbele ya baraza, Somauzi ilitoa ushahidi: rojo lilipimwa likiwa zima. Basi aliyeliharibu baadaye ni mpishi. Kihwele alifukuzwa. Mpaka leo haendi hata msiba wa jirani, maana huenda akawakuta watu wa Mgaya.

Hivi ndivyo ninavyowasimulia waajiriwa wapya kantini, na tukifika kwenye birika huwa wanacheka. Juzi binti mmoja hakucheka. Aliniuliza kijana yule aliitwa nani. Nikamjibu ni zamani mno, jina limenitoka.

"Mimi ni Sekela Kihwele, kaka," alisema taratibu. "Nilikuwa nampelekea baba chakula. Nilikukuta umeinamia ndoo, ukanipa peremende nisiseme. Nilikuwa na miaka saba. Nikaila."